Filta ya oili imegoma kufunguka

SWALI: Namwaga oili mwenyewe kwenye Probox yenye injini ya 1NZ. Oili imetoka, ila filta haizunguki na bati limeanza kubonyea. Niitoboe kwa bisibisi?

JIBU: Hapana, bado. Bati hilo ni jembamba, bisibisi hulichana na filta hubaki palepale. Na kwa kuwa oili umeshaimwaga, usiwashe injini eti ipate moto. Futa mafuta yote juu ya filta, kisha tumia spana ya mnyororo au ya mkanda. Ibane karibu kabisa na injini, ambako kitako ni kigumu, siyo kwenye ncha. Ukiitazama filta kwa ncha yake, zungusha kinyume na saa.

Ikitoka, pitisha kidole pale ilipokaa. Raba ya zamani mara nyingi hubaki imeganda kwenye injini; ukifunga mpya juu yake, oili itamwagika kwa kasi mara tu ukiwasha. Hili ndilo linaloua injini, kwa hiyo kagua mara mbili.

Paka raba mpya oili safi, funga filta kwa mkono hadi raba iguse injini, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana haihitajiki. Oili ni takriban lita 3.7, hakikisha kwa kijiti cha kupimia oili.