Kuhusu mashine ya ECMO aliyoitaja ami yako

Pole sana mwanangu. Umesema baba amelazwa mahututi hapo Unguja, anapumua kwa mashine, na ami yako wa Maskati anataka apelekwe nje akawekwe ECMO. Mashine hiyo haitibu ugonjwa. Huvuta damu kwa mpira mnene, huitoa kaboni dayoksaidi, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini, ili mapafu, na pengine moyo, vipumzike huku matibabu yakiendelea. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo anaweza kuvuja damu, hata kichwani. Hilo ndilo ninalolihofia zaidi. Kabla hamjauza shamba la mikarafuu la Wete, muulizeni daktari: mapafu yake yana matumaini ya kupona? Ataihimili ndege? Jibu la ndiyo likikosekana hata kwa swali moja, msimhamishe.