Nguzo ndefu sio mwanga mwingi: yaliyonikuta na taa za sola

Juzi kaka mmoja kanitumia meseji, "Fundi, mtaani kwetu tumechanga hela ya taa za sola, nguzo tuweke mita ngapi?" Nikakaa kimya kama dakika kumi hivi maana swali hilo liliwahi kunivunjia heshima.

Ilikuwa mtaa mmoja huku pembeni ya Dar, watu wamechangishana nyumba kwa nyumba, mi nikataka kazi ionekane toka barabarani. Bomba la dukani lina mita 6, nikaunganisha bomba moja na nusu kwa kuchomelea ikawa mita 9, nikazika mita 1, taa ikakaa mita 8 juu. Mchana zilipendeza kweli! Usiku wa kwanza mama anayeuza mihogo ya kukaanga chini ya nguzo ya tatu akawasha tochi ya simu ili ahesabu chenji. Hakunisema kitu, aliniangalia tu, na mpaka leo ile sura siisahau. Kwenye kikao wakasema nimekula hela za taa, na sikula hata shilingi.

Kosa lilikuwa urefu. Taa ukiipandisha juu mara mbili, mwanga unaofika chini ya nguzo unabaki robo, yaani taa ya mita 4 ukiipeleka 8 ni robo tu, na taa zangu zilikuwa ndogo za mtaani sio za barabara kuu. Nikarudi na grenda, nikakata kwenye maungio, kwa hela yangu mwenyewe, zikabaki mita 5. Mama mihogo sasa anahesabu chenji bila tochi.

Kwahiyo ndugu zangu msidanganywe na urefu. Kichochoro cha miguu mita 3 mpaka 4 inatosha, barabara ya mtaa 5 mpaka 6, hizo 8 na kuendelea waachieni barabara kubwa zenye taa kubwa. Ukifupisha nguzo lazima uzisogeze karibu karibu pia, umbali kati yao usizidi mara tatu au nne ya urefu, la sivyo katikati panabaki giza. Na fundi akikwambia refu ndo bora muulize taa yake ina nguvu gani, muulize mbele ya watu.

Kaka ulioniandikia, nunua bomba moja moja la mita 6, zika mita 1 na zege, usichomelee kitu. Ila umesema kuna miembe, na paneli ikikaa kivulini betri haijai, saa nne usiku taa imezima. Nitumie picha ya hiyo miti kabla hamjachimba.