"Daijoubu" Sio "Sawa": Kijapani Kilivyonitia Hasara, na Wewe Unayeenda Soma Hapa

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja anayenisoma, anaenda Osaka mwezi ujao, wiki mbili. Anauliza hivi: "Kaka, Kijapani ni kigumu kweli au mnatutisha tu? Nijifunze maneno, au simu inatosha kutafsiri?" Nikaanza kumjibu palepale nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, nikaandika wee mpaka foleni ikasogea nikapigiwa honi, nikaona hapana, hii niiweke hapa isomwe na wote. Maana mnaoniuliza mmekuwa wengi, na najua hata mkisema mnaenda kutembea tu, mtarudi na wazo la biashara kichwani. Tunajuana.

Nianze na gari langu. Wenye IST, Noah na Vitz mnamjua yule mama wa Kijapani anayeongea ukiwasha gari asubuhi. Mimi miaka minne nilikuwa nadhani ananisalimia. Abiria wakiniuliza anasema nini nawaambia anatutakia safari njema, na wanaitikia! Kumbe mama wa watu anasema "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", yani kadi ya ETC haijachomekwa, ile kadi ya kulipia barabara za kulipia huko kwao. Kila asubuhi mtu analalamika kadi haipo na mimi namjibu asante mama. Basi hicho ndo kiwango cha Kijapani nilichopanda nacho ndege mwaka 2023. Na kiburi juu yake, maana nilikuwa tayari nimeshaagizia watu magari kumi na kitu nikiwa nimekaa tu Dar, sasa naenda yadi mwenyewe, nani atanidanganya.

Visa na ndege naruka, hiyo ni stori ya makaratasi na kukaa.

Habari njema ni kwamba mdomo wa Mswahili umeumbwa kwa Kijapani. Sitanii. Irabu zao ni a i u e o, zilezile zetu, na neno linasomeka kama lilivyoandikwa, na karibu kila neno linaishia na irabu au "n". Pale hosteli Asakusa, Tokyo, kulikuwa na Wazungu wamesoma miezi sita bado "arigatou", yani asante, inawapinda mdomo, mimi siku ya pili nasema "sumimasen" mpaka muuza duka ananijibu Kijapani kirefu kama treni nikabaki nimetoa macho. Na hilo sumimasen lishike dada yangu, ni samahani, ni asante kwa usumbufu, na ni "we kaka naomba nihudumie" ukiwa mgahawani. Ukiwa na neno moja tu liwe hilo.

Halafu maneno ya kigeni wanayafanyia upasuaji uleule tunaoufanya sisi, wanayamalizia irabu. Sisi hoteli wao hoteru, sisi basi wao basu, sisi teksi wao takushii, sisi bia wao biiru. Hayo yanaandikwa kwa katakana, herufi za msingi 46 tu, mimi nilizishika wiki tatu nikiwa bado Bongo. Na hapa niwaambie kitu. Neno la kwanza nililosoma mwenyewe Japani, bila simu, bila mtu, lilikuwa kwenye ubao wa mgahawa wa kahawa: キリマンジャロ. Nikasoma polepole, ki, ri, ma, n, ja, ro. Mtoto wa Moshi mimi! Kumbe kahawa ya Tanzania kule wanaiita Kilimanjaro, iko madukani miaka yote, nami nimekulia kwenye mashamba yake nikinywa chai. Nilisimama pale kwenye ubao kama mjinga nikataka kumwambia mtu na sina wa kumwambia.

Ila chunga urefu wa irabu. "Biru" ni jengo, "biiru" ni bia. "Obasan" ni shangazi au mama mtu mzima, "obaasan" ni bibi. Mimi kwa malezi yetu nikamwita mama mmoja wa mapokezi bibi, kwa heshima kabisa, nusura nipige na shikamoo. Uso ukabadilika. Kumuita mtu bibi huku kwetu ni kumpandisha cheo, kule umemzeesha. Tumia jina la ukoo na "san" mwishoni, inatosha, na usijiwekee "san" mwenyewe kama nilivyojiwekea mimi siku tatu nzima watu wakitabasamu nikadhani wananipenda.

Na kuna maneno yatakayokuchanganya. Vijana kwenye treni wakisema "maji? maji?" hawana kiu, maana yake "kweli? acha zako". "Nani" ni nini, sio nani. "Saba" ni samaki, anafanana na vibua wetu. Tokyo kuna stesheni inaitwa Takadanobaba, na hakuna baba wa mtu pale. Wakipokea simu wanasema "moshi moshi", mwenyeji wangu alipokea hivo dakika mbili baada ya kumwambia natoka Moshi, nikadhani ananitangaza. Pweza anaitwa tako. Na kuna mji unaitwa Kumamoto, "kuma" kwao ni dubu, kwahiyo cheka sasaivi umalize ukiwa nyumbani, usije kufa na kicheko mbele ya watu.

Sasa tuje kwenye lililonifanya niandike.

Siku ya kwanza nikaingia konbini, yale maduka madogo ya masaa 24 kama Lawson na FamilyMart, nikachukua bento, chakula cha kwenye kiboksi, ya wali na kuku. Kaka wa kaunta akauliza "atatamemasu ka?" nikajua anauliza nipashe moto. Nikajibu kwa kujiamini, "daijoubu desu". Kwenye programu ya simu niliambiwa daijoubu ni "sawa". Akanipa chakula cha baridi. Kesho yake tena, atatamemasu ka, daijoubu desu, baridi. Nikaanza kumchukia kaka wa watu, nikasema huyu kaniona mweusi. Siku ya nne ndo mwenyeji wangu ananiambia huku anacheka: ukiulizwa ufanyiwe kitu ukajibu daijoubu, umesema "niko sawa, usijisumbue". Yani umekataa. Ungesema "onegaishimasu" ungekula cha moto. Siku nne nakula wali wa baridi kwa kukataa mwenyewe kwa heshima zote.

Ningepata somo pale ningeokoa hela. Sikupata.

Wiki ya pili nikaenda yadi moja upande wa Yokohama, jina silitaji. Nilikuwa nataka Hiace mbili kwa wateja wawili wa Dar, na nilikuwa naomba vitu viwili, bei ishuke kidogo na wanishikie gari wiki mbili hela ya wateja ikamilike. Nikatoa simu nikaandika kama ninavyoongea Kariakoo, "Nisaidie hapo boss". Simu ikapaza sauti ofisi nzima, "tasukete kudasai!" Tasukete ni neno la mtu anayezama, ni "niokoeni jamani". Binti wa ofisi ya nyuma akatoka mbio. Nikacheka, wakacheka, nikadhani tumeshakuwa ndugu. Kadi ya mzee yule nilipokea kwa mkono mmoja nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali nikaikalia. Kule kadi unapokea kwa mikono miwili, unaisoma, unaiweka mezani mbele yako kwa heshima. Mimi niliikalia.

Basi nikaeleza yangu, mzee anaitikia "hai", "hai", "hai", kila sentensi "hai". Hai ni ndiyo, kamusi imesema. Nilihesabu hai kama hela. Mwisho akavuta hewa kwenye meno, ssss, akasema "sou desu nee... muzukashii desu ne", akamalizia "kentou shimasu". Simu ikatafsiri: ni ngumu, tutalifikiria. Mimi nikasikia "ngumu lakini tutafanya". Nikatoka nje nikapiga simu Dar, mzigo umepita, lipieni.

Haukupita. Zile "hai" zilikuwa "nakusikia". Muzukashii ilikuwa hapana. Kentou shimasu ilikuwa hapana ya pili, ya kufungia mlango. Siku tatu baadaye magari yameuzwa kwa mwingine, na mzee hakuwa amenidanganya hata neno moja. Mteja mmoja alikopa saccos. Kurudisha hela zake ilichukua muda, makato ya benki na tofauti ya fedha nikalipa mfukoni kwangu, milioni na laki mbili, na bado kwenye grupu la tuliosoma wote nikaandikwa tapeli. Kwa herufi kubwa. Watu niliowaagizia magari kwa uaminifu miaka minne wakanyamaza kimya kama hawanijui. Nimeshamlipa mpaka senti ya mwisho na mpaka leo tukikutana kanisani ananipa mgongo. Nasema nimesamehe, lakini lile grupu nilitoka sijarudi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ni sisi jamani! Sisi! Mswahili akikwambia "nitakucheki", amekucheki lini? Fundi akisema "njoo Alhamisi", ofisini wakisema "tumelipokea, tutalifanyia kazi", si unajua kabisa hapo hamna kitu? Mtu akikuomba mkopo unamwambia "hapana"? Unamwambia "ngoja nione mwisho wa mwezi". Tumezaliwa ndani ya hapana isiyosemwa, tunaisikia kwa mama zetu tangu wadogo, halafu tunavuka bahari tunataka mtu atuambie hapana kwa herufi zote sita ndo tuelewe. Mzungu akikosea pale ana udhuru. Wewe Mswahili huna. Zima simu, msikilize mtu kama unavyomsikiliza shemeji yako akizunguka mbuyu. Akisema "chotto...", yani "kidogo...", akaiacha inaning'inia, limeisha hilo, usiulize chotto nini. Akivuta hewa kwenye meno, funga daftari. Mnapenda kujifunza maneno mia tano muoneshe watu Instagram, halafu masikio mmeyaacha nyumbani.

Mwaka jana nimerudi kule, yadi nyingine. Nikaomba kitu, jamaa akainamisha kichwa pembeni, "chotto...". Nikasema "wakarimashita", nimeelewa, nikainuka. Yule jamaa alinitazama kwa kushangaa, akatoka na mimi mpaka nje, akanionesha magari mengine mawili ambayo hakuwa amenionesha. Moja nimelinunua. Kwenye karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, lilikuwa limeandikwa S, maana yake kutu, na nilijua.

Kuhusu simu, dada: tumia, ila andika sentensi fupi, kamili, zisizo na utani. "Naomba punguzo la bei", sio "nisaidie hapo". Taja mtu kwa jina, maana sisi "yeye" hatujui kama ni wa kike au wa kiume na wao mara nyingi hawamtaji kabisa, simu inajichagulia tu, mke wangu alishageuzwa mwanaume mara mbili mbele ya watu. Kamera ya kusoma menyu inafaa. Kwa ndugu zangu Waislamu, nguruwe ni "buta", herufi yake 豚, ipige picha ikae kwenye simu, na ile ramen, tambi za supu, ikiwa ya tonkotsu ni supu ya mifupa yake. Tokyo nendeni msikiti wa Tokyo Camii, kuna na duka la halali.

Na kuna maneno ambayo Kiingereza hakina ila wao wanayo kama sisi. "Otsukaresama desu" ni pole na kazi, ileile, unamwambia hata mtu wa mapokezi akitoka zamu. "Ojama shimasu" ni hodi yao ya kuingia ndani kwa mtu, unasema nakuja kuwasumbua. Niliposema hiyo mlangoni kwa mwenyeji wangu mama yake aliniletea chai kabla sijakaa.

Zawadi beba, ndogo ndogo, imefungwa vizuri. Korosho au kahawa, na ikiwa ya Moshi sitakasirika. Kwenye treni simu usipokee, mimi nilipokea ya mjomba, na mjomba huwa anaongea kama yuko ng'ambo ya mto.

Ah, na soksi. Viatu utavua kila mahali, nyumbani kwa watu, hata migahawa mingine. Nunua soksi mpya, pea nyingi, zikague vidole. Hiyo stori yangu siisimulii.