Mti wa kanisani una pango: tuujaze zege?

SWALI: Naishi Surrey, Uingereza. Kwenye makaburi ya kanisa tunaposali kuna mti wa yuu (kwa Kiingereza yew, mti wa Ulaya usiopukutisha majani); kibao kinasema una miaka 4,000. Shina lina pango la kutosha watu wawili. Fundi anasema unakufa, anataka kukwangua ndani na kumwaga zege. Tumkubalie?

JIBU: Msimkubalie. Kila nikiulizwa habari za yuu naulizwa pango, na kila penye pango hapakosi fundi mwenye mfuko wa saruji.

Kiini cha mti mzee ni mbao iliyokufa zamani. Uhai uko pembeni, chini ya gome. Kuvu wakishakula kiini, shina hubaki kama bomba, na bomba ni gumu kuvunjika kuliko mnavyodhani. Zege haliyumbi pamoja na mti: upepo ukivuma linasugua, linapasuka, maji yanatuama nyuma yake, na hapo ndipo uozo mnaouogopa unapopata nafasi. Huko huko Surrey, kijijini Crowhurst, kuna yuu yenye pango iliyowekewa mlango karne ya 19. Ungali na majani. Shina la yuu ya Fortingall, Uskoti, lilipimwa mwaka 1769 likawa na mzingo wa mita 16 hivi; leo limegawanyika vipande, na kila kipande kinachipua.

Wakristo wengi wameona ufufuo katika miti hii ya makaburini: shina limeoza, chipukizi mbichi.

Hiyo miaka 4,000 ni makisio. Pete za kuhesabia umri ziliondoka na kiini. Hata ile ya Fortingall, inayosifika kwa ukongwe, wengi huikadiria kati ya 2,000 na 3,000.

Mkiona ufa mpya au shina limeinama, mwiteni mtaalamu wa miti mikongwe, na ombeni kibali cha kanisa na halmashauri kabla ya msumeno.

Ila fundi wa zege ana nafuu. Wapo wanaouza majani makavu ya yuu kama dawa ya saratani, eti mti wa uzima. Kweli docetaxel, dawa ya saratani ya hospitalini, hutengenezwa kutokana na majani hayo, lakini ni maabarani, kwa hatua nyingi. Ukiyachemsha jikoni unapata sumu ya moyo. Nyama nyekundu ya tunda tu ndiyo haina sumu. Mbegu iliyo ndani yake inayo. Ng'ombe waliokula yuu wamekutwa wamekufa, majani yangali mdomoni.