Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Ofisini Inapochelewa Kujibu

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mhasibu wa kampuni moja ya Mjini Unguja, na tangu mama alipougua ninafanya kazi nikiwa nyumbani Wete. Ninaingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa programu iliyomo ndani ya Windows, kwa kupitia VPN ya ofisi, yaani njia ya siri inayoniunganisha na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Tarakimu ninazoandika huonekana baada ya kama sekunde mbili, na nikibonyeza kipanya tena kwa kudhani mara ya kwanza hakikukamata, hujikuta nimefungua madirisha mawili. Nimeongeza kifurushi cha intaneti lakini hali ni ileile, ilhali video ninaziangalia bila ya kukwama. Tatizo liko wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu, nasi tunamwombea mama afueni. Hilo la video umelitaja mwisho, lakini ndilo linalotuonyesha pa kuanzia. Video hupakuliwa sekunde kadhaa kabla ya kuonyeshwa na kuwekwa akiba, kwa hivyo mtandao ukizubaa kidogo mtazamaji hajui. Kompyuta ya mbali haina akiba ya namna hiyo: kila tarakimu unayobonyeza husafiri hadi Unguja, kompyuta ya ofisini huiandika, kisha picha ya mabadiliko hayo hurudi Wete, ndipo nawe uione. Kinachokutaabisha ni muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi, ambao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, na kifurushi kikubwa zaidi peke yake hakiufupishi. Umbali nao si hoja, kwani mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na hata data zako zikizungukia Dar es Salaam, masafa hayo hayawezi kula sekunde mbili. Basi kuna mahali zinakwama, na ni lazima tupajue kabla hujatoa tena fedha.

Anzia nyumbani. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping, ambayo ni amri ya kupima muda wa safari hiyo, acha nafasi, andika anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha acha nafasi tena na umalizie na -t ili upimaji uendelee mpaka uusimamishe mwenyewe. Ruta iliyo chumba cha pili inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache tu. Ukiona 3, kisha 4, kisha ghafla 180, au mistari inayosema kuwa jibu halikufika, basi kasoro imo ndani ya nyumba yako, na mara nyingi ni Wi-Fi inayopita katika kuta nene au inayogombania masafa ya gigahazi 2.4 na ruta za majirani. Unganisha kompyuta kwa waya, au ukikosa waya, hamia gigahazi 5 na usogee karibu na ruta.

Ruta ikijibu vyema, ukiwa ndani ya VPN pima ruta ya ofisini kwa njia hiyohiyo. Fundi wenu atakupa anwani yake. Tunapendekeza ruta kwa sababu kompyuta nyingi za Windows huwa zimezuiwa zisijibu ping. Kwa uzoefu wetu, chini ya milisekunde 100 mtu huandika bila ya bughudha, na ikizidi 200 mkono huanza kuhisi uzito. Usitazame wastani pekee. Namba zinazorukaruka kutoka 40 hadi 900 zinasumbua kuliko 150 iliyotulia.

Tunashuku zaidi upande wa ofisi, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Picha ya skrini inatoka ofisini kuja kwako, kwa hivyo mzigo mkubwa unabebwa na njia ya kupakia ya ofisi, si njia ya kupakua ya nyumbani kwako uliyoilipia, na huduma nyingi za intaneti hutoa kasi ndogo zaidi ya kupakia. Iwapo kamera za ulinzi zinarusha picha nje ya jengo muda wote, au kompyuta ya mwenzako inapeleka nakala rudufu za mafaili saa nne asubuhi, njia hiyo hujaa, data zako husubiri foleni ndani ya ruta, na kusubiri huko kunaweza kufika sekunde nzima au zaidi. Mwombe mwenzako asimamishe kazi hizo kwa dakika kumi huku wewe ukiendelea kupima. Namba zikishuka, ugonjwa mmeujua: nakala rudufu zihamishiwe usiku, na fundi awashe kwenye ruta, ikiwa inao, mpangilio unaozuia kazi moja kuihodhi njia yote.

Muulize fundi pia kama VPN yenu inapita kwa UDP au kwa TCP, ambazo ni njia mbili za kusafirisha data: TCP huhakikisha kila kipande kimefika kwa zamu yake, UDP hutuma bila ya kusubiri. Programu hiyo ya Windows imeweza kutumia UDP tangu toleo lake la 8 la mwaka 2012, lakini ikifungwa ndani ya VPN ya TCP, kipande kimoja cha data kikipotea, vyote vilivyo nyuma yake husubiri kitumwe upya. Ila akikushauri muiache VPN na kufungua poti 3389, yaani mlango ambao programu hiyo huutumia kupokea wageni, wazi kwa intaneti nzima, kataa kabisa. Mwaka 2019 iligunduliwa dosari iliyoitwa BlueKeep, ambayo katika matoleo ya zamani ya Windows ilimwezesha mvamizi kuingia kupitia huduma hiyo bila ya nenosiri, na wewe umebeba hesabu za watu.

Kwa upande wako, punguza skrini kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768, ambayo ina takriban nusu ya nukta, na uzime picha ya mandhari na madoido ya madirisha. Mwenzako naye abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye kompyuta yako ya ofisini, apate dirisha linaloonyesha kompyuta inavyotumika: diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100, kompyuta yenyewe ndiyo iliyochoka.

SWALI: Nyumba yetu ya wageni Makunduchi inapata intaneti kwa dishi la setilaiti. Kompyuta ya mbali inasuasua, na muuzaji ananitaka ninunue kasi kubwa zaidi. Nikubali?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Muulize kwanza setilaiti iko wapi. Ikiwa ni ile inayosimama juu ya Ikweta kwa takriban kilomita 36,000, kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, kunakula karibu nusu sekunde, na hakuna kasi inayouzwa itakayoupunguza muda huo. Kwa kazi hii tumia mtandao wa simu, na dishi uwaachie wageni.