Daftari la baba: saratani ya mapafu, figo na Korona

Machi 2020, kafyu ilipoanza Kenya, baba alikuwa ameshazoea mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Kilichokuwa kigeni kwetu ni saratani ya mapafu, iliyogunduliwa wiki chache kabla. Tunakaa Likoni, na hospitali iko ng'ambo ya feri.

Kama unauguza mgonjwa wa namna hii, nunua daftari moja na usitoke bila hilo. Daktari wa figo na daktari wa saratani walikuwa majengo tofauti, na Korona ikawatenga zaidi. Siku moja nikaona sisplatini, dawa ya saratani, kwenye karatasi ya dawa. Dawa hiyo huumiza figo. Wagonjwa kama baba mara nyingi hupewa karboplatini, dawa ya jamii hiyohiyo, tena kwa kipimo kilichopunguzwa sana. Nikamfungulia muuguzi daftari: "Dada, daktari anajua mzee anasafishwa damu?" Daktari hakuwa akijua. Dawa ikabadilishwa.

Kisha uliza ratiba. Mashine huiondoa karboplatini kwenye damu. Mgonjwa akiwahi mno mashineni, dawa hutoka kabla haijafanya kazi. Akichelewa, hukaa mwilini na kushusha chembe za damu. Mimi sikuondoka mpaka madaktari wawili wakapigiana simu, wakapanga siku na saa.

Kilichotutesa zaidi ni pumzi. Mzee akihema usiku, ni Korona? Ni uvimbe? Au ni maji yamejaa mapafuni? Maji yakijaa mwilini uzito hupanda, kwa hiyo tukawa tunampima kila asubuhi na kuandika. Alipoongezeka kilo tatu kwa siku mbili, nilionyesha hesabu hiyo mapokezi. Kipimo cha Korona alichukuliwa, lakini hakuachwa kusubiri majibu. Alisafishwa damu siku hiyohiyo, akapumua. Kwa hiyo nakusihi, usimkoseshe mgonjwa mashine kwa kuogopa maambukizi.

Maumivu nayo yana mtego. Mabaki ya mofini hulundikana mwilini figo zikishindwa, mgonjwa akalala asiamke vizuri. Mwambie daktari mapema atafute dawa nyingine.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwa wino mwekundu: mkono wa kushoto una fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu), usichomwe sindano, usipimwe presha. Sisi jamaa hatukuruhusiwa kuingia wodini miezi ile. Kila zamu mpya ya wauguzi, baba aliufungua ukurasa huo mwenyewe akawaonyesha.