Nyaraka za wafanyakazi kwenye seva: amua njia na mwenyewe kwanza, hamisha baadaye

Umesema ofisi yenu ya Ngong Road ina watu 18, mmenunua seva ya Windows, ukafungua folda kwenye diski C, ukaruhusu kila mtu aingie, na sasa karani wa mapokezi anasoma barua za mishahara. Pole, ndugu yangu. Mimi nilianza vibaya kuliko hapo, katika kampuni moja ya uwakala wa forodha huko Industrial Area, na karibu yote ninayokuambia nimeyajua kwa kuyakosea.

Toa nyaraka hizo kwenye C. Hapo ndipo Windows yenyewe inapokaa, na siku mtu atakapojaza diski kwa video za harusi ya dada yake, seva nzima itakwama. Tumia diski nyingine, na humo fungua folda mbili zisizochangamana: moja ya nyaraka za mtu binafsi, nyingine ya idara. Kosa lako kubwa, kwa maoni yangu, si C. Umetia “faili zangu” na “faili zetu” katika chungu kimoja.

Ya idara ni rahisi. Unda makundi, kwa mfano Uhasibu na Mauzo, uyape ruhusa makundi hayo, kisha uingize watu ndani yake. Usimpe mtu ruhusa kwa jina lake, hata akikubembeleza. Akihamishwa idara unamtoa kundi hili unamtia lile, anatoka na kuingia upya kwenye kompyuta yake, basi. Halafu washa mpangilio wa seva unaomficha mtu folda asizoruhusiwa kufungua. Karani hataiona kabisa folda ya mishahara.

Nyaraka binafsi ndizo zenye kazi. Elewa kwamba kuna milango miwili: ruhusa za kushiriki folda kwenye mtandao, na ruhusa za NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski) zilizo kwenye folda yenyewe. Anayetoka mtandaoni hupita yote miwili, na ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Mimi huulegeza wa kwanza kwa watumiaji wote wenye akaunti, nikabana kwa NTFS. Kwenye ile folda ya nyaraka binafsi, yaani folda mama, kata urithi wa ruhusa kutoka juu. SYSTEM (Windows yenyewe) na wasimamizi wapewe udhibiti kamili. Watumiaji wa kawaida waruhusiwe kuona orodha na kuunda folda tu, na ruhusa hiyo iishie kwenye folda mama, isiteremke. CREATOR OWNER, yaani yeyote aliyeunda folda, apewe udhibiti kamili wa vilivyo chini pekee. Hapo Otieno akiingia mara ya kwanza, folda yake inajiunda, yeye ndiye mwenyewe, na Wanjiku hawezi kuichungulia.

Sasa kuwaelekeza huko. Kwenye Group Policy, yaani kanuni ambazo seva huzipa kompyuta zote, upande wa mipangilio ya mtumiaji, kuna Folder Redirection, inayoielekeza folda ya mtumiaji kwenye seva. Chagua Documents, uiambie imfungulie kila mtumiaji folda yake chini ya njia utakayoandika. Njia iwe ya mtandao, mfano \\seva\nyaraka$, isiwe herufi ya diski kama Z. Hiyo alama ya dola inaificha folda mtu anapovinjari mtandao, ingawa si kufuli. Kufuli ni zile ruhusa. Na kwa kuwa kazi hii inahitaji domeni (akaunti na kompyuta zote chini ya usimamizi mmoja), tumia njia ya DFS, yaani anwani ya folda inayoanza na jina la domeni, si la mashine. Seva ya kwanza tuliyokuwa nayo ilipozeeka tukaleta nyingine yenye jina jipya, na jedwali za Excel zilizounganishwa zikawa zinatafuta mashine iliyokwisha kuzimwa. Wiki nzima nilikuwa nabadilisha njia kwa mkono.

Dirisha hilohilo la Folder Redirection lina visanduku viwili ambavyo Windows huvitia alama tangu mwanzo, na vyote viwili vimenitoa jasho.

Cha kwanza humpa mtumiaji haki ya pekee juu ya folda yake. Inasikika vizuri. Kisha karani mmoja akaacha kazi, mkubwa akataka faili zake, na mimi msimamizi nimefungiwa nje. Nikaamua kuchukua umiliki, na kwa haraka zangu nikaanzia folda mama badala ya ile ya karani. Windows ikauliza kama ifute ruhusa zote zilizo chini iweke zangu. Nikabonyeza Yes. Saa nne asubuhi watu 23 hawawezi kufungua nyaraka zao. Nilirudisha umiliki mtu mmoja mmoja kwa amri ya icacls, mkubwa kasimama nyuma ya kiti changu. Ondoa alama hiyo kabla ya mtu yeyote kuingia, na uwaambie wafanyakazi waziwazi kwamba msimamizi anaweza kufungua folda zao.

Cha pili huhamisha faili za zamani kwenda seva mtu anapoingia. Hiki kiache, ila usikiwashe kwa watu wote asubuhi moja. Mimi nilikiwasha tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, na kila kompyuta ikaanza kusukuma faili kwa pamoja. Mhasibu alikuwa na faili ya PST, yaani hifadhi ya barua pepe za Outlook, ya gigabaiti 11 ndani ya Documents, hata hajui ipo. Skrini yake ilikwama hapo kwenye kuingia mpaka baada ya chakula cha mchana, huku ritani ikimsubiri. Zaidi ya hapo, Microsoft haiungi mkono PST kutumika kupitia mtandao. Zitafute kwanza, uziache kwenye kompyuta za wenyewe, na uzifanyie bekapu kivyake.

Stima ikipotea na seva ikazima, wenye laptopu wataendelea, kwa sababu folda zilizoelekezwa hivi huwa na nakala ndani ya laptopu bila wewe kufanya lolote. Uzuri huo una gharama: laptopu ikiibwa mjini, nakala imekwenda nayo. Fumba diski zake kwa BitLocker, zisisomeke bila ufunguo. Seva yenyewe iwekee UPS na bekapu inayolala nje ya jengo. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja si bekapu. Ukifuta faili, zote mbili zinafuta.

Anza na mtu mmoja mvumilivu, Ijumaa jioni. Akiingia na asione badiliko, usibomoe kitu. Windows kwa kawaida haingoji mtandao mtu anapoingia, kwa hiyo huenda akahitaji kutoka na kuingia tena mara ya pili. Ikikataa bado, fungua kumbukumbu za matukio (Event Viewer) kwenye kompyuta yake, upande wa programu (Application), utafute tukio 502. Litakutajia folda iliyogoma na kosa lenyewe. Likisema ameshindwa kufikia folda, rudi kwenye ile milango miwili.